Sufuria ya Jaji

Jumamosi, 1 Machi

Daftari hili naanza leo kwa sharti moja: kila kitu kitaandikwa, hata kile kitakachonitia aibu. Nikianza kuficha, heri karatasi hizi nizitumie kufanyia hesabu.

Asubuhi nimechambua mahindi. Ni kazi yangu ya kila Jumamosi. Gunia ni la mjomba, limetoka shambani kwake upande wa Emali. Mvua ilimkuta mahindi yakiwa bado yameanikwa. Akayafunika kwa turubai, halafu akayafunga kwenye magunia ya plastiki kabla hayajakauka sawasawa. Alituambia mwenyewe kwenye simu. Anajuta. Lakini chakula ni chakula.

Napepeta kwenye ungo, kisha nachagua punje moja moja. Nzuri zinaingia ndoo nyeupe. Hizo ni zetu. Zilizopasuka, nyepesi, zenye kuvu ya kijani, zinaingia debe la bati. Hizo ni za wanyama. Susu, mama yake Mama, ndiye aliyemfundisha Mama kuchambua hivi, na Mama akanifundisha mimi. Huku kwetu Matinyani kila nyumba ina debe lake. Redio imetuonya kuhusu sumu ya mahindi tangu nikiwa mdogo, ndiyo maana tunachambua kwa makini. Susu husema wanyama wana matumbo ya chuma.

Tukifika mashine ya kusaga, yetu yanasagwa kwanza na debe mwisho, unga usije ukachanganyika. Leo vumbi lilelile, foleni ileile. Nimerudi na unga wa aina mbili kichwani.

Jaji alikuwa juu ya gunia akinisubiri. Ni paka wetu wa ghalani. Tulimwita Jaji kwa sababu anakutazama kama tayari ana hukumu yako. Mwanawe ana miezi mitatu, mweusi, anaitwa Karani kwa kuwa humfuata Jaji kila mahali.

Jumapili, 2 Machi

Kanisani. Mzee Kilonzo, jirani yetu na mzee wa kanisa, ametusimamisha mlangoni.

"Mama Mwende, jaji wenu anatoa hukumu bila kusikiliza kesi. Kifaranga wangu mwingine amekufa jana."

Mama akacheka. "Ulimwona akimshika?"

"Nani mwingine? Ipo siku nitamwekea dawa yake."

Alisema huku naye akicheka. Watu walicheka. Mimi sikupenda.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua unga mpya wa debe. Nikasonga ugali wa paka kama kawaida, nikaupoza, nikauweka chini. Jaji alinusa. Akarudi nyuma. Akatikisa mguu wa mbele kama mtu aliyekanyaga maji. Karani akanusa baada yake, naye akaondoka.

Susu: "Wameshiba panya hao. Waache."

Hawakushiba. Karani ana mbavu zinazohesabika.

Jumatano, 5 Machi

Wamekataa tena.

Katika somo la Kilimo na Lishe mwalimu alitufundisha kwamba moto unaua vijidudu. Nina maelezo yake, nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu. Basi nikafikiri. Unga una harufu kidogo. Harufu ni vijidudu. Dawa ni moto.

Nikatafuta sufuria ndogo ya mpini uliovunjika, nikaifanya ya Jaji peke yake. Nikachemsha uji mzito kwa muda mrefu sana, karibu saa nzima, nikiukoroga usishike. Nikasaga omena, vile vidagaa vikavu, kwa chupa, nikatia. Nikatia maji ya supu ya maharagwe yaliyobaki. Susu alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Wewe Mwende, huyo paka unampikia namna hii, siku ukipata bwana utampikia nini? Ng'ombe mzima?"

Nikamwambia ni usafi wa chakula. Akasema haya, mama usafi.

Nikawafungia jikoni wote wawili na sahani. Nilikaa nje nikifanya kazi ya ziada ya Hisabati. Nilipofungua, sahani ilikuwa tupu. Nimefurahi. Nimefurahi sana, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Wanakula. Mara mbili kwa siku. Omena ndiyo siri.

Jumatatu, 10 Machi

Karani ametapika asubuhi. Povu la manjano. Nimefikiri amekula mjusi. Nimeongeza moto wa sufuria jioni, nikaupika uji mpaka ukashika chini.

Jumanne, 11 Machi

Karani hachezi. Jaji anamlamba kichwa, anaacha, anamlamba tena. Nimemlisha kwa kidole. Alitaka kugeuza uso, nikamshika taya kwa upole. Alimeza.

Jumatano, 12 Machi

Karani amekufa. Nimemkuta nyuma ya mtungi, kwenye unyevunyevu. Kulikuwa na damu puani, kidogo sana, kama alama ya kalamu.

Nimechelewa shule. Sikueleza sababu. Mtu hawezi kusimama mbele ya darasa la Gredi ya Tisa akasema paka amekufa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama ni fundi wa nguo, hana tabia ya kelele. Leo alipiga kelele. Alisimama uani, akamwita Mzee Kilonzo kwa jina lake lote, akamuuliza kama mzee wa kanisa anaweza kuweka sumu ya panya kwa kiumbe cha miezi mitatu.

Mzee Kilonzo alitoka na bakuli mkononi. "Mimi? Mimi nimeweka nini?"

"Ulisema mbele ya kanisa. Watu walisikia."

"Mama Mwende, nilikuwa nafanya mzaha!"

"Basi mzaha wako umezikwa pale."

Akaonyesha kaburi kwa mkasi wake. Mimi nilisimama nyuma ya Mama. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote, na nilijisikia vizuri kumchukia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimechambua mahindi. Debe linajaa upesi kuliko ndoo sasa. Gunia linazidi kuharibika kadiri tunavyoenda chini.

Jaji halali tena juu ya gunia. Analala sakafuni, tumbo limegusa saruji. Panya alipita mbele yake mchana, mimi nikiona. Alimfuata kwa macho tu.

Hakumaliza sahani. Nimeongeza omena.

Jumapili, 16 Machi

Mama alimpita Mzee Kilonzo mlangoni bila kumpa mkono. Kanisa zima limeona. Mzee alibaki na mkono wake umenyooka, kisha akaurudisha mfukoni kama kitu alichoazima.

Jaji ametapika mara mbili. Anakunywa maji, anayatapika.

Susu anasema mzee hakutosheka na mmoja. Mama ameapa kumpeleka kwa chifu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemfungua Jaji mdomo nione kama kuna mfupa. Hakuna mfupa. Fizi zake ni za manjano. Masikio pia, sehemu ya ndani isiyo na manyoya. Nilimpeleka mlangoni kwenye jua nikidhani ni kivuli. Ni manjano kabisa, kama amepakwa bizari.

Nimemwomba Mama amwite daktari wa mifugo. Mama alisema daktari ni wa ng'ombe. Nikalia. Sikujua ningelia. Mama akachukua simu.

Jumanne, 18 Machi

Daktari amekuja na pikipiki kutoka Kitui mjini. Ni mwanamke, Daktari Nduku, ana sauti ndogo na mikono isiyo na haraka. Alimlaza Jaji juu ya meza ya cherehani. Akamwangalia macho, fizi, akambonyeza tumbo. Jaji hakupigana. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Jaji hupigana na kila mtu.

Mama akamwambia ni jirani, ni sumu ya panya, na anataka karatasi ya kwenda nayo kwa chifu.

"Ngoja kidogo, mama. Huyu ameugua polepole. Anakula nini?"

"Anakula kutushinda sisi. Ana mpishi wake." Mama akanielekeza kwa kidevu.

Nikaleta unga. Akaunusa kwa mbali. Akaomba punje. Nikaleta debe. Alimimina kiganjani, akazigeuza kwa ncha ya kalamu, hakuzigusa kwa vidole.

"Haya ni ya nani?"

Susu akajibu, "Hayo si ya watu. Ni ya wanyama."

"Nani aliwaambia mnyama ana ini la bati, susu?"

Nikamwambia daktari kwamba nilipika. Nilimwambia yote: saa nzima, sufuria yake peke yake, omena, mwalimu, mstari mwekundu. Nilisema haraka, kama mtu anayetoa ushahidi wake kabla hajakatizwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema moto unaua kuvu. Lakini kuvu ikishakaa ndani ya punje inaacha sumu yake humo, na sumu hiyo moto hauiwezi. "Hata ungeipika mpaka Krismasi, Mwende." Inakwenda kwenye ini. Wadogo huanguka kwanza.

Nikamuuliza kama Jaji atapona. Akasema hatanidanganya. Wapo wanaorudi na wapo wasiorudi, na ini la paka ni dogo. Alimdunga maji chini ya ngozi ya mgongo, nundu ikavimba pale kama ya ngamia mdogo, na sindano nyingine ya vitamini. Alituagiza: asionje unga tena. Supu nyepesi isiyo na chumvi. Asilazimishwe. Nimwandikie kwa simu ya Mama kila siku.

Alipokuwa anafunga mkoba aliuliza ndoo nyeupe ilitoka gunia gani.

Lilelile.

Akachukua konzi mbili kutoka kwenye ndoo, akayatia kwenye mfuko wa karatasi, akasema yatapimwa. Mpaka majibu yatoke tusile. Jicho linaona kuvu, sumu halioni.

Daktari alipoondoka, Susu aliitazama sahani ya paka. Halafu akasema, "Kwa hiyo paka alijua. Paka alikataa. Mwenye shule ndiye aliyemfungia mlango."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya.

Jumatano, 19 Machi

Nilimshika Karani taya.

Alhamisi, 20 Machi

Jaji yuko hai. Mkojo wake ni wa rangi ya chai ya rangi. Hajaonja supu. Nimemwandikia daktari. Amejibu: atapita kesho kumdunga maji tena.

Tumekula wali na ndengu. Mama amemwambia mjomba kwenye simu asiguse magunia yake. Mjomba aliuliza mbwa wake ale nini basi. Mama akamwambia mbwa wake atakula anachokula yeye, au wote wawili walale njaa.

Nimemuuliza Mama tutamwambia nini Mzee Kilonzo. Akaendelea kushona. Akasema watu husalimiana tu, mambo yanajiishia.

Hayajaisha. Kanisa zima linaamini mzee ni mwuaji wa paka. Mimi najua mwuaji ni nani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda baada ya shule, bado na sare. Mzee Kilonzo alikuwa bandani kwa kuku. Hakunikaribisha kiti.

Nikasema nilichokariri njiani. "Shikamoo mzee. Karani hakuuawa na sumu yako. Ni mimi niliyemlisha unga wa debe. Daktari amesema. Jaji naye anaumwa, ameagizwa supu. Naomba unisamehe, na utusamehe nyumba nzima."

Akarudia neno langu. "Unga wa debe?"

"Ndiyo mzee. Mahindi ya kuvu."

Akageuka. Karibu na mlango wa banda lilikuwepo debe lake, limejaa nusu, na kopo la kuchotea juu. Punje za kijani. Zilizopasuka.

"Na mimi vifaranga wangu, unadhani nawapa nini?" aliuliza. "Kila asubuhi naokota mmoja. Nimekaa nikimlaani paka wenu tangu Januari."

Hakukasirika. Alitoa kopo, akafunika debe kwa jiwe bapa. Akasema nenda nyumbani, nitakuja mwenyewe.

Alikuja kabla jua halijazama. Alivaa koti la kanisani na alibeba kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa, ndani ya beseni, amefunikwa kitambaa safi. Akamwambia Mama, "Huyu ni wa supu ya mgonjwa. Msichana ameniambia ameagizwa supu." Mama akalia, akampa mkono, akampa na wa pili.

Na mimi nikaharibu. Nilijua lazima niharibu. Nikauliza, "Mzee, huyu kuku alikuwa anakula nini?"

Mama aliniita jina langu, mara moja, kwa ukali. Mtu mzima ameleta zawadi. Mzee wa kanisa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee aliangalia beseni. Akafunua kitambaa, akafunika. "Debe," akasema. "Lilelile." Akakaa kwenye ngazi yetu na beseni magotini kama aliyesahau njia ya kwenda kwake. Kisha akasema, "Nina watoto wa mwanangu pale nyumbani. Wanakula mayai ya hawa kuku kila siku."

Mama alimpa namba ya daktari, akaiandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Alirudi na kuku wake. Tuliona akimfukia nyuma ya banda, akiwa bado amevaa koti lile.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna kuchambua leo. Mikono yangu haijui ifanye nini Jumamosi.

Mama na Susu na mimi tumechimba shimo mbali na kisima. Debe lote, unga wote. Susu alirusha mchanga wa kwanza. Maisha yake yote hajawahi kutupa punje ya mahindi, alishapita njaa mbili, na leo amesimama juu ya shimo akipiga mchanga kwa fimbo. Gunia na ndoo bado vipo chumbani, vimefungwa, vinasubiri majibu.

Daktari ameandika: majibu bado.

Jana daktari alimdunga Jaji tena. Leo asubuhi alijaribu kusimama akaanguka upande. Alijilamba mguu mmoja, kisha akachoka katikati. Siku ya nne hajala. Mama ameniambia nijiandae. Nilimwambia nimejiandaa. Si kweli. Nimeandika kwamba si kweli.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Mama ameniruhusu. Alipokuwa anatoka alisema atasimama mbele ya watu na kulisafisha jina la Mzee Kilonzo, na nilimwona akifunga kitambaa chake mara tatu.

Nyumba imenyamaza. Susu amelala. Panya wanapita darini bila hofu.

Nimechemsha mifupa ya mbuzi aliyekula vichaka tu, nimemuuliza mwenye bucha mara mbili mpaka akanicheka. Nimechuja supu kwa kitambaa. Haina chumvi, haina omena, haina kitu. Nimeiacha ipoe. Nikaweka kijiko cha chai chenye supu sakafuni, mbali kidogo na mdomo wake. Mlango nimeuacha wazi kabisa. Nikaketi ukutani, mikono yangu nimeikalia.

Alinusa. Nilihesabu mpaka sitini, nikaanza tena. Alivuta kichwa mbele. Akalamba. Kijiko kikasogea kwa ulimi wake, akakifuata kwa shingo, akalamba tena mpaka kikawa kikavu. Hajatapika. Nimetazama saa ya ukutani, ni dakika ishirini sasa.

Fizi bado ni za manjano. Sisemi zaidi ya nilichoona.

Nimechukua simu ya Susu na kumwandikia daktari. Nanakili ujumbe hapa kama nilivyoutuma:

Daktari, ni Mwende wa Matinyani. Samahani leo ni Jumapili. Jaji amelamba kijiko kimoja cha supu mwenyewe, hakushikwa, hakufungiwa. Sasa anakitazama kijiko. Nimpe cha pili, au ningoje? Tafadhali nijibu sasa hivi.